Kambi ya mchana ya likizo ya Juni: namna ya kuiandaa mtaani kwako Mbeya

Shule zikifungwa Juni, watoto wengi wa mjini Mbeya wana njia mbili. Ama wanapelekwa twisheni kurudia yale yale waliyoyaacha darasani, ama wanashinda nyumbani na rimoti mpaka mama arudi kutoka sokoni. Mwongozo huu ni wa njia ya tatu: kambi ya mchana ya fani moja. Mtoto anatoka kwao asubuhi, anashinda na wenzake wakijifunza kitu kimoja kwa fundi anayekijua, jioni analala kitandani kwake. Unaweza kuiandaa wewe mwenyewe, na wazazi wenzako watatu au wanne, bila kuwa na shule wala shirika.

Ukitamka kambi, wazazi wengi watadhani ni ile ya kitaaluma ya darasa la saba au kidato cha nne, watoto wakilala madarasani na kufanya mitihani ya majaribio. Kwa hiyo tangazo lako liseme mstari wa kwanza kabisa: hakuna kulala, hakuna mitihani.

Wamarekani wameanza zamani. Kambi ya kwanza inayotajwa kwao ni ya mwaka 1861 kule Connecticut, na leo wana kambi za roboti, za farasi, za maigizo, za kila kitu. Likizo yao ni ya kiangazi na huchukua takriban wiki kumi. Yetu ni ya wiki nne hivi na ni ya baridi, hivyo ratiba zao utakazozikuta mtandaoni, zilizojaa kuogelea na michezo ya maji, ziache huko huko.

Hatua ya kwanza: tafuta fundi kabla ya kutafuta watoto

Wengi huanza kinyume. Wanakusanya watoto, wanakodi ukumbi, halafu ndipo wanajiuliza watafanya nini. Matokeo yake ni kambi ya kila kitu: Jumatatu kuchora, Jumanne mpira, Jumatano kompyuta, Alhamisi kuimba. Mtoto anarudi kwao na vipande vinne visivyokamilika. Mimi nasema fani iwe moja, na ichaguliwe kwa kuangalia nani anaifanya kila siku karibu na wewe, kwa mikono yake, na ana subira ya kukaa na watoto.

Nyanda za Juu Kusini hazina upungufu wa fani. Iringa kuna akina mama wanaosuka vikapu vya milulu, na ukikaa na mmoja wao siku mbili utaona kuwa hesabu iliyomo kwenye kikapu kimoja inamshinda mtoto wa darasa la sita. Pwani ya Ziwa Nyasa, upande wa Ikombe karibu na Matema, wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu vinavyouzwa mpaka mbali. Rungwe na Njombe kuna vitalu vya parachichi, na kijana wa miaka kumi na tano anaweza kujifunza kubebesha miche: anakata kikonyo, yaani kijiti cha mparachichi anaoutaka, mfano wa kabari, anakichomeka kwenye shina lililopasuliwa katikati, anahakikisha ganda limekutana na ganda walau upande mmoja, anafunga kwa nailoni. Mbeya mjini kuna mafundi wa vyuma, wa redio, washonaji, wapishi, makocha, na vijana waliotoka VETA ambao wanajua kazi na hawana kazi.

Kabla hujakubaliana na fundi, piga hesabu ya muda ukianzia mwisho kurudi nyuma. Hapa ndipo kambi nyingi za ufundi huvunjika. Chungu hakichomwi siku kilipofinyangwa. Kikiingia motoni na unyevu kinapasuka, na mtoto anayeona chungu chake kimepasuka hatakusikiliza ukimweleza habari za mvuke. Kwa kambi ya siku kumi, kufinyanga kuishe siku ya nne, zinazobaki ni za kukausha kivulini, kusugua na kupaka rangi ya udongo, na kuchoma siku ya tisa. Mche wa parachichi uliobebeshwa nao huchukua wiki kadhaa kuonyesha chipukizi, na baridi ya Juni inauchelewesha zaidi. Basi kila kijana aondoke na mche wake kwenye kiriba, na umwambie mapema kwamba jibu atalipata Julai. Kikapu kidogo kinakamilika, kikubwa hakikamiliki. Meza ya mbao haikamiliki, kigoda kinakamilika.

Swali langu kwa fundi yeyote ni hili: siku ya kumi mtoto atakuwa ameshika nini mkononi? Akikujibu kwa maneno mengi, endelea kutafuta.

Hatua ya pili: idadi na umri

Watoto ishirini na wanne wanatosha. Kumi na wawili wanatosha pia, na kwa mara ya kwanza ningekushauri hao kumi na wawili. Chama cha kambi cha Marekani, American Camp Association, kinapendekeza kwa kambi za mchana mtu mzima mmoja kwa watoto 8 wa miaka 6 hadi 8, mmoja kwa 10 wa miaka 9 hadi 14, na mmoja kwa 12 wa miaka 15 na kuendelea. Ni kipimo kizuri hata hapa kwetu ambapo mwalimu mmoja anasimama mbele ya watoto themanini. Kufundisha themanini inawezekana. Kuwalinda themanini wakiwa na visu vya kuchongea haiwezekani. Mpishi usimhesabu, yeye macho yake yako kwenye sufuria.

Usichanganye darasa la tatu na kidato cha pili. Vijana wa miaka kumi na tatu kwenda juu hawapendi kuonekana wanacheza na watoto, na ukiwalazimisha watakaa nyuma na simu. Aidha uwe na kambi yao peke yao, au uwape kazi ya kweli: mmoja ashike stoo ya vifaa, mmoja awe mpiga picha, wawili wasimamie meza ya wadogo. Kijana aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo hachelewi kufika.

Waliomaliza kidato cha nne Novemba wako nyumbani Juni, wakisubiri kwenda kidato cha tano. Ni wasaidizi wazuri sana, wana nguvu na wana muda. Ila wengi bado hawajafika miaka 18, na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Wape kazi, wape posho, lakini katika hesabu ya watu wazima wasiwemo. Waliomaliza kidato cha sita usiwategemee, maana majina ya JKT yakitoka watakuacha katikati ya kambi. Wanafunzi wa vyuo, iwe MUST na TEKU hapa Mbeya au Mkwawa na Ruaha kule Iringa, Juni mara nyingi bado wana vipindi au wanajiandaa na mitihani. Hazina yako ni walimu wa msingi walioko likizo, na mafundi wenyewe.

Hatua ya tatu: tarehe na saa

Wiki ya kwanza ya likizo usiiguse, ni ya watoto kulala na ya kwenda kijijini kwa bibi. Wiki ya mwisho ni ya kununua madaftari na sare. Zinabaki wiki mbili za katikati, siku kumi za kazi. Angalia kalenda ya mwaka husika kwanza, tarehe husogea.

Juni jua la Mbeya linachomoza karibu saa moja asubuhi, na baridi yake mnaijua. Anza saa tatu, maliza saa tisa alasiri. Ukianza saa mbili watoto watafika wamejikunyata, mikono ndani ya mifuko ya masweta, na fani ya mikono haifanyiki na vidole vilivyokufa ganzi. Saa ya kwanza iwe ya uji wa moto na kukimbia uwanjani.

Hapo hapo kuna jambo la afya. Mtoto mwenye selimundu baridi inaweza kumletea maumivu makali, na mwenye pumu anasumbuliwa na baridi pamoja na vumbi la kiangazi. Wote hawa wana haki ya kuja kambini. Wanachohitaji ni wewe ujue mapema, wawe na nguo nzito, wanywe maji, na dawa zao ziwe na mtu mmoja anayejulikana. Kwa upande mwingine, ifikapo saa sita jua la nyanda za juu linachoma hata kama hewa ni ya baridi. Mtoto mwenye ualbino afanye kazi kivulini, kofia pana, mikono mirefu. Kofia ni vizuri ziwe za wote, asiwe yeye peke yake.

Hatua ya nne: eneo na ruhusa

Anza ofisi ya serikali ya mtaa. Mwone mwenyekiti na mtendaji, waeleze, waachie barua yenye tarehe, idadi ya watoto na majina ya watu wazima. Kutoka hapo watakuelekeza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na kama unatoza ada, uliza pale pale kuhusu leseni na kodi. Fanya haya mwezi mmoja kabla. Barua iliyogongwa muhuri inakusaidia siku mzazi mmoja au jirani akianza kuuliza hawa watoto wa nani mnawakusanya humu.

Ukumbi wa kanisa au wa msikiti, darasa la shule iliyofungwa, karakana ya fundi mwenyewe: vyote vinafaa, kwa masharti matatu. Kuwe na choo cha wasichana na cha wavulana, na cha wasichana kiwe na komeo linalofunga kwa ndani. Kuwe na maji; bomba lisipokuwepo, vibuyu chirizi viwili mlangoni na sabuni iliyofungwa kamba. La tatu ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: mtoto asivuke barabara kuu kuja kambini. Ile barabara ya kutoka Dar kwenda Tunduma inapita katikati ya mji wetu, na malori ya mizigo ya Zambia na Kongo hayasimami kirahisi yakishika mteremko. Kambi ya watoto wa Iyunga ifanyike upande wao wa barabara. Ukumbi mzuri wa ng'ambo uache. Kama hakuna jinsi, mtu mzima mwenye kizibao cha kuakisi mwanga awe pale kivukoni asubuhi na alasiri, kila siku, hata siku ya mwisho ambayo kila mtu yuko jikoni anasaidia pilau.

Hatua ya tano: kanuni za ulinzi, zilizoandikwa

Karatasi moja inatosha, na kila mtu mzima aisaini kabla ya siku ya kwanza, pamoja na fundi anayeheshimika kuliko wote. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Hakuna viboko, hata vya mzaha. Hakuna msaidizi kuchukua namba ya simu ya kijana wala kumpa lifti ya pikipiki. Picha hazipigwi ovyo. Mzazi anasaini kukubali au kukataa, na kwa kuwa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura ya mtoto na jina la shule yake si vitu vya kutupia kwenye status.

Ubandike ukutani namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo kuipiga ni bure. Waonyeshe watoto, wasome kwa sauti, waeleze ni ya nini. Ukipata malalamiko mazito usiyamalize kwa kikao cha wazee; nenda ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Wapo watakaokwambia unawatisha wazazi. Mzazi makini hatishiki, anakuamini zaidi.

Hatua ya sita: hesabu

Hizi namba ni za mfano tu. Bei halisi kaulize sokoni Mwanjelwa na kwa watu wako. Tuseme watoto 24, siku 10, fundi mkuu, wasaidizi wawili na mpishi. Walaji ni 28. Ukikadiria chakula shilingi 1,500 kwa mtu kwa siku, ni 420,000. Fundi 20,000 kwa siku, jumla 200,000. Wasaidizi wawili kwa 10,000 kila mmoja, 200,000. Mpishi 100,000. Ukumbi 150,000. Vifaa 180,000. Safari moja ya koasta pamoja na viingilio 250,000. Dharura 100,000. Jumla 1,600,000.

Ukigawa kwa 24 unapata kama 67,000 kwa mtoto. Usitoze hivyo. Toza 80,000 kwa watoto 20, na nafasi nne ziwe za bure kwa watoto ambao mwenyekiti wa mtaa na walimu wao wanajua hali za nyumbani kwao. Nani amelipa na nani hajalipa abaki akijua mtunza hela peke yake. Ruhusu mzazi kulipa kwa awamu mbili kwa simu, na utoe risiti hata ya kuandika kwa mkono. Mzazi wa Rungwe au Mbalizi akikuletea gunia la viazi au mikungu ya ndizi badala ya nusu ya ada, pokea. Pima, andika thamani yake kwenye daftari, umshukuru.

Fungu la dharura lisiguswe kununulia soda.

Hatua ya saba: fomu na daftari la kukabidhiana

Fomu iwe ukurasa mmoja. Jina, umri, namba mbili za simu (ya pili iwe ya mtu asiyeishi na mwenye ya kwanza), ugonjwa, dawa, chakula kinachomdhuru, hasa karanga, kwa sababu karanga kwetu zinaingia kwenye uji wa lishe na kwenye mboga bila mtu kusema. Mwisho, majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto.

Hilo la mwisho linafanya kazi kwa daftari. Asubuhi anayemleta anasaini na saa. Alasiri anayemchukua anasaini tena. Akija mtu ambaye jina lake halimo, mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba mwanangu. Nimemfuata Neema, mimi shangazi yake."

"Sawa mama. Jina lako sijaliona hapa, naomba nimpigie mama Neema tuongee naye wote wawili."

"Jamani, mtoto mwenyewe si ananijua?"

"Sikatai kwamba anakujua, mama. Dakika moja tu. Kaa hapa kwenye benchi."

Unapiga, mama yake anathibitisha, unaandika. Shangazi atanung'unika siku ya kwanza na siku ya pili atakuja na kitambulisho. Kwa wanaokuja na bajaji ya kukodi ya kila siku, dereva naye aandikwe kwenye fomu, pamoja na namba ya bajaji. Vijana wa sekondari wanaotembea wenyewe, mzazi aandike kwa mkono wake kwamba amekubali.

Hatua ya nane: ratiba ya siku, kwa mfano wa kambi ya mawe

Nitumie kambi ninayoipenda kuliko zote, ya mawe na ardhi, kwa sababu vifaa vyake viko chini ya miguu yetu. Mbeya imekaa mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana: la Rukwa, la Usangu na la Ziwa Nyasa. Ndiyo maana tuna milima ya Ngozi, Rungwe na Kyejo, tuna maji moto ya Songwe. Tuna pia makaa ya mawe Kiwira na dhahabu Chunya. Mtoto wa hapa anakariri majina ya milima ya Ulaya na hajaambiwa kuwa Rungwe ni volkano.

Fundi wa kambi hii anaweza kuwa mwalimu wa jiografia, lakini mwongezee mchimbaji mdogo wa Chunya au mchonga mawe wa barabarani kwa siku mbili tatu. Vifaa: nyundo nne, miwani ya kukinga macho kwa kila mtoto anayegonga, sumaku, mabeseni, siki ya dukani, lenzi za kukuzia, trei za mayai za kupangia sampuli. Sumaku usinunue mpya. Mwone fundi redio, ana spika zilizokufa pembeni, ndani ya kila moja kuna sumaku nzito.

Siku ya kwanza, baada ya uji, usifundishe chochote. Weka beseni la maji katikati na mawe mawili yanayolingana ukubwa: moja jeusi la kawaida, jingine yale mepesi yenye matundu ambayo watu husugulia visigino. Waulize yapi yatazama. Wote watasema yote. Mtoto mmoja atumbukize. Jeusi linakwenda chini, jepesi linabaki juu linazunguka. Kaa kimya. Watalichukua, watalizamisha kwa kidole, litaibuka tena. Mmoja atasema ni plastiki. Mwingine atalilamba, ndiyo, watoto hulamba mawe. Wape nyundo na miwani, walipasue, waone vile vitundu vidogo vidogo ndani. Hapo ndipo mwalimu aseme: hivi ni viputo vya gesi vilivyogandia humo jiwe likiwa bado linaruka hewani kutoka kwenye volkano. Takriban miaka 4,000 iliyopita Rungwe ililipuka na kumwaga mawe ya aina hii juu ya nchi inayouzunguka. Ukipita barabara ya Tukuyu, mahali ambapo ukingo umekatwa, utaona tabaka lake. Kesho yake kila mtoto atakuja na mawe mfukoni, usiwakataze.

Siku ya pili na ya tatu ni za kukusanya na kutenganisha: lipi linavutwa na sumaku, lipi linatoa povu ukilidondoshea siki (ukwaju wa dukani haufai, tumia siki), lipi linakwaruza kioo. Chokaa ya Songwe itatoa povu, na mtoto ataelewa kwa nini kiwanda cha saruji kilijengwa kule. Siku ya nne na ya tano wanachora ramani ya mtaa wao, mto uko wapi, udongo wa tofali unachimbwa wapi, mvua ikinyesha maji yanapita wapi.

Siku ya sita ni safari. Kutoka mjini hadi kwenye kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, ni mwendo wa kilomita zipatazo 65. Kipande hicho cha chuma kilichotoka angani kina urefu wa karibu mita tatu, uzito wake unakadiriwa kuwa tani 12 hadi 16, na asilimia kama 90 yake ni chuma, nyingi ya iliyobaki ni nikeli. Wenyeji walikijua tangu zamani. Kwa wageni kiliandikwa mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye W. H. Nott. Watoto wakae pembeni yake na sumaku zao za spika, waone zinavyong'ang'ania. Nyundo zibaki Mbeya, pale hakuna kugonga.

Kuhusu gari: koasta iwe na kiti kwa kila mtoto, hakuna kupakatana. Dereva umwone siku moja kabla, uangalie matairi. Ondokeni saa mbili na nusu, mrudi kabla ya saa kumi, kwa sababu foleni ya malori ya Tunduma haina adabu. Hesabuni watoto kwa kushuka na kwa kupanda, na kila mmoja awe na mwenzake anayemjibia.

Kambi ikiwa Iringa, badala ya kimondo una Isimila, kilomita kama 20 kutoka mjini kwenye barabara ya kuja Mbeya, zana za mawe za watu wa kale zikiwa zimelala kwenye korongo lenye nguzo za udongo. Kwa vijana wenye miguu, Ngozi inapandika vizuri Juni maana njia imekauka. Mchukue mwongoza njia na mlipe kiingilio. Hifadhi ya Kitulo usiipange Juni kama unachotaka ni maua, maua yake ni ya wakati wa mvua.

Siku ya saba hadi ya tisa kila mtoto anatengeneza kisanduku chake: mawe kumi na mawili kwenye trei ya mayai, kila jiwe na kikaratasi, limeokotwa wapi, siku gani, linafanya nini. Mwandiko wake mwenyewe, hata kama ni mbaya.

Chakula

Kifupi: uji wa ulezi saa tatu na nusu, mlo saa saba, tunda saa nane na nusu. Kande siku mbili, wali maharage siku mbili, ndizi siku moja, zunguka hivyo. Parachichi halikosekani mezani, na msimu wake ukiwepo ni rahisi kuliko siagi. Maji ya kunywa yachemshwe jana yake. Jiko la mkaa likae nje, lisiingizwe ukumbini kupasha watu joto hata baridi ikiwa kali kiasi gani. Moshi wake usioonekana unaua.

Siku ya kumi

Wazazi waje saa saba, wakute meza zimepangwa. Kila mtoto asimame nyuma ya kazi yake na aieleze kwa atakayefika mezani kwake. Hotuba iwe moja, ya mwenyekiti wa mtaa, na umwombe kwa heshima isizidi dakika tano. Vyeti si lazima. Kama unatoa, kiandikwe mtoto alichokifanya, "amebebesha miche mitatu ya parachichi", kuliko "ameshiriki kikamilifu".

Fundi, wasaidizi na mpishi walipwe siku hiyo hiyo, kabla ya viti kurudishwa, na wasaini. Hesabu ibandikwe kwenye ukuta wa ukumbi, iliyoingia na iliyotoka, kila mzazi asome. Kilichobaki kwenye dharura kiamuliwe na wazazi waliopo. Mara nyingi watasema kitunzwe kwa ajili ya Desemba, nawe uwakumbushe kwamba Desemba ni mvua, kambi ya nje haitafaa, waanze kufikiria ushonaji au upishi. Nyundo na lenzi zihesabiwe na kufungiwa. Fomu zenye habari za afya za watoto zirudishwe kwa wazazi au zichanwe, na picha za waliokataa zifutwe kwenye simu ya yule kijana mpiga picha ukiwa umesimama naye.

Kuna watoto watakaokufuata wiki inayofuata wakitaka kuendelea. Wapeleke kwa fundi mwenyewe Jumamosi, mzazi akijua na akikubaliana naye bei, ile kanuni ya kutokaa peke yao ikiendelea pale pale.